Gauni la Krismasi ya Julai

Nianze na ubaya wangu, maana hata nikiuficha utajitokeza wenyewe: mimi ni mwanamke mwenye wivu. Si wivu wa mume. Mume wangu ni mlinzi wa geti, anarudi nyumbani kachoka hata kuvua viatu hawezi; nani atakayeninyang'anya? Wivu wangu ni wa sauti. Mtu akiimba vizuri mbele yangu, watu wakamgeukia, papo hapo naanza kumtafutia kasoro kwenye viatu.

Kwetu Uvira, kule Kongo, aliyekuwa anageukiwa ni mimi. Tangu nikiwa na miaka kumi na miwili nilisimama mbele ya kwaya ya kanisa, na nota za do-re-mi nilizijua kabla sijajua kusonga ugali usio na madonge. Kisha mambo ya kwetu yakaharibika, nikajikuta Johannesburg, mtaa wa Bertrams, kwenye nyumba moja yenye familia tano, cherehani yangu chini ya dirisha. Sauti nilikuja nayo. Hakuna aliyeniuliza habari zake. Watu waliniuliza kama najua kupunguza suruali.

Huyu ninayetaka kumsimulia alikuwa mwanamke wa Kirundi kutoka Bujumbura, msusi, mdogo wangu kwa miaka tisa. Tulijuana kanisani. Aliniita yaya, na kwetu yaya ni dada mkubwa, si mlezi wa watoto kama wanavyosema Wakenya. Sauti alikuwa nayo, lakini nota hata moja hakuijua. Aliimba kwa kusikiliza jirani yake. Nilimfundisha mimi. Jumatatu saluni yake kule Jeppestown ilikuwa haina wateja wengi, basi nilikwenda na makaratasi yangu, nikayabandika kwenye kioo kwa gundi ya nywele. Yeye anasuka, mimi natamka, yeye anarudia. Hata pumzi nilimfundisha mimi. Nilimwekea viganja mbavuni, nikamwambia, "Usivute hewa kwa mabega kama mtu anayeshtuka. Ivute huku chini, mpaka mikono yangu isogee." Ikasogea siku ya kwanza. Mimi mwenyewe jambo hilo lilinichukua mwaka mzima, na niliona, na sikupenda.

Mwaka 2016 alikuja kanisani kwetu mzee mmoja wa Soweto, mwalimu mstaafu, kofia mkononi, anatafuta sauti. Alikuwa na kwaya ya watu mchanganyiko, na kila Julai kwaya hiyo iliimba pamoja na okestra ndogo kwenye tamasha la Krismasi.

Ndiyo, Krismasi ya Julai. Na mimi nilishangaa hivyo hivyo. Desemba ya Johannesburg ni kiangazi, jua kali na radi za alasiri, na wale ambao babu zao walitoka Ulaya hawaridhiki kuimba habari za theluji huku wanatokwa jasho. Basi Julai, shule zikifungwa na baridi ikakaza, wanafanya Krismasi ya pili: bata mzinga, mishumaa, matawi ya misonobari, na muziki wa zamani wa violini na kwaya. Mume wangu nilipomweleza aliuliza kama huyu Yesu wa Julai ni pacha wa yule wa Desemba. Nikamwambia afunge mdomo, mimi naenda kuimba.

Tukaenda wote wawili, mimi na msusi wangu. Mazoezi yalikuwa Jumamosi mchana, kwenye ukumbi wa kanisa la mawe upande wa kaskazini wa mji, teksi mbili kutoka kwetu. Humo mlikuwa na watu wa Soweto, mabinti wa chuo, wazee wawili wa Kizungu wa besi, na sisi. Siku ya kwanza mwalimu alichukua chaki akaandika wimbo ubaoni kwa do-re-mi. Wapigaji violini walikuwa na makaratasi yao yenye vidoti, lakini kwaya ilisoma ubao. Jamani, nilitaka kulia. Miaka yote ile katika mji huu nilikuwa nasoma vibao vya watu kwa kubabaisha, na ghafla ubao mzima nausoma kuliko wenyeji! Wenzangu wa sauti ya kwanza walianza kunisikiliza mimi kabla ya kufungua midomo.

Walipojua mimi ni fundi wa nguo, nikawa fundi wa kwaya. Na hapa lazima nieleze namna ninavyopima, kwa sababu jambo lote liko hapo. Mtu wa kawaida unampima alivyosimama. Mwimbaji humpimi hivyo. Mwimbaji unamzungushia futi mbavuni, unamwambia "Vuta!", anavuta pumzi mpaka mwisho, anaishikilia, ndipo unasoma namba. Ukimpima pumzi ikiwa nje, nguo itamkaa vizuri sana akisimama kimya, na itamkaba mara tu atakapotaka kuimba. Nilijifunza hayo kwa mama aliyetushonea sare kule Uvira. Kwaya nzima niliipima hivyo, watu arobaini, na hilo likawa neno lao moja la Kiswahili. Nikishuka tu kwenye teksi, wanaume wa sauti ya tatu wananipigia kelele kutoka mlangoni, "Vuta!" Nami nilicheka. Nilipenda kuitwa hivyo, kwa kuwa ni namna ya kugeukiwa.

Miaka miwili niliimba kwenye mstari. Nilikuwa nasubiri. Mwaka 2018 mwalimu akaleta wimbo mpya, wa mama anayembembeleza mtoto horini usiku wa baridi, na ndani yake kulikuwa na sehemu ya mtu mmoja, sauti ya kwanza, violini chini yake tu. Katikati ya sehemu hiyo kuna sentensi moja ndefu. Inaanza chini, inapanda polepole bila haraka yoyote, inafika juu, inakaa huko, halafu inateremka. Na yote hayo kwa pumzi moja. Nilipoisoma ubaoni, nilijua ni yangu. Nilirudi nyumbani nikaimba juu ya cherehani wiki mbili, mpaka jirani wa chumba cha pili akagonga ukuta.

Mwalimu alitujaribu watatu. Mimi niliimba vizuri, na sisemi hivyo kwa kujisifu, niliimba vizuri. Kisha aliimba mmoja wa mabinti wa chuo. Kisha akaimba msusi wangu, mikono nyuma, macho chini, kama anaomba radhi. Mwalimu akakuna kidevu. Akamnyooshea yeye kidole.

Baadaye aliniita pembeni. Tulizungumza Kiingereza, chake kizuri, changu cha sokoni. "Mama," aliniambia, "wewe nikikutoa kwenye mstari, mstari wote unaanguka. Wanakusikiliza wewe ndipo waingie. Yeye anaweza kusimama peke yake. Wewe nakuhitaji nyuma. Wewe ndiye nguzo."

"Sawa, baba."

"Eish, mama, usininunie."

"Sijanuna."

Nguzo! Nani aliwahi kuingia ukumbini akaigeukia nguzo? Nilikwenda chooni nikanawa uso mara tatu.

Kwenye teksi ya kurudi tulikaa bega kwa bega. Kwenye roboti ya kuingilia mjini, ndivyo wanavyoita taa za barabarani huku, ikiwa nyekundu, akanishika mkono. "Yaya, nikatae?"

"Ukatae kwa nini? Mungu amekupa. Imba."

Hayo yalisemwa na midomo. Moyoni nilikuwa nasema: laiti ungekataa palepale, bila kuniuliza! Kwa sababu anayekuuliza kama akatae amekwisha kukubali, amebaki kutaka baraka zako tu, na baraka nilikuwa sina. Sauti ile niliipika mimi. Nilikoka moto, nikaosha sufuria, nikakoroga, na sasa watu wanakaa mezani wanamsifu mwingine. Wiki ile yote nikimwona tu nilihesabu makosa yake. Anavaa soksi zisizofanana. Anatafuna bazoka kama mbuzi. Anamwita mwalimu "papa" kwa sauti ya kitoto.

Mwimbaji wa pekee hakutakiwa kuvaa sare. Mwalimu alinunua mahameli ya kijani kilichokolea, nzito, nzuri kweli, akaniletea mwenyewe. "Mshonee kitu cha heshima," akasema. Ikawa juu ya hayo yote, mimi ndiye wa kumpamba.

Alikuja kupimwa mchana wa Jumanne. Nje kulikuwa na lile jua la Julai linalong'aa bila kupasha kitu. Ndani nilikuwa nimewasha hita ya gesi na midomo yetu inang'aa mafuta ya mgando. Akavua sweta, akainua mikono. Huku nampima mabega ananisimulia kuhusu mteja wake aliyepitiwa na usingizi akisukwa, akaamka akiuliza, "Nani amekufa?" Akacheka mwenyewe, kicheko chake cha tumbo, kile cha kutoa hewa yote mpaka tone la mwisho. Na futi yangu wakati huo ilikuwa imemzunguka mbavuni.

Nikasoma namba pale pale, katika mwisho wa kicheko. Nikaiandika.

Alibaki ameinua mikono kidogo, ananitazama. "Tumemaliza?"

"Tumemaliza."

Akaishusha mikono, akavaa sweta lake, akanibusu shavuni, akaenda.

Ningeweza kusema ni bahati mbaya, mazungumzo yalinoga, nikasahau. Basi sikilizeni la pili. Fundi yeyote huacha akiba ndani ya mshono, vidole viwili vya kitambaa kila upande, kwa sababu watu hula, watu huzaa, na nguo inabidi ifunguliwe siku moja. Gauni lile nilikata akiba yote. Niliacha ya kushika uzi tu. Hata angegundua, hapakuwa na kitu cha kufungulia. Halafu nikalishona vizuri kuliko nguo yoyote niliyowahi kushona maishani mwangu, maana singevumilia mtu aseme sijui kazi yangu.

Nilitaka nini? Nitasema. Nilitaka afike katikati ya ile sentensi ndefu, na pumzi imkatikie. Nilitaka kimya kile, mbele ya watu wote wale na makoti yao, na mwalimu ageuze shingo anitafute mimi kwa macho. Hilo tu.

Mara mbili aliulizia kujaribisha, nikamwambia kazi ni nyingi, harusi ya watu wa Rosettenville. Nilimpa gauni Alhamisi asubuhi, tamasha ni Jumamosi. Akalivaa mbele ya kioo changu. Loo! Alipendeza mpaka nikaudhika. Kijani kile na ngozi yake, kiuno kimechorwa, mgongo umenyooka. Akajigeuza, akajipapasa mbavu kidogo, akasema, "Limekaa, yaya. Asante sana." Alilikunja kwa uangalifu, akalitia kwenye mfuko kama mtoto mchanga.

Msidhani nililala. Ijumaa dhamira ilinishinda. Nikatia kijisu changu cha kufumulia kwenye pochi, na uzi wa kijani, na vipande vyote vya mahameli vilivyobaki, nikapanda teksi kwenda Jeppestown. Nilikuwa nimepanga maneno: nimekosea namba, mdogo wangu, ni umri huu, lete nilirekebishe hapa hapa. Ingechukua saa moja. Hakuna ambaye angejua.

Mlango wa saluni ulikuwa wazi nusu. Nilimsikia kabla sijamwona. Alikuwa anaimba ile sehemu yake huku anasuka, si kwa nguvu, kwa sauti ya mtu aliye kazini. Mama mmoja wa Kizulu alikuwa ametoa kichwa chake kwenye mashine ya kukaushia nywele, rola zote kichwani, ili asikie. Sentensi ndefu ikaanza. Ikapanda. Ikafika juu ikakaa, na pale juu aliifanyia kitu ambacho sikumfundisha: aliipunguza badala ya kuikaza, ikawa ndogo sana, na haikukatika. Ikateremka. "Hayi, sisi!" yule mama akasema, yaani "Jamani, dada!" kwa Kizulu chao, akapiga kofi moja tu.

Na mimi pale mlangoni nikajua jambo ambalo sikutaka kulijua. Mwalimu hakukosea. Singeiimba hivyo. Hata nilipokuwa Uvira, na miaka ishirini, watu wote wakinigeukia, singeiimba hivyo. Ingekuwa ni upendeleo ningesamehe, upendeleo tumeuzoea. Lakini kuzidiwa kwa haki? Nikageuka, nikavuka barabara, nikapanda teksi ya kurudi, na kijisu kikarudi nyumbani ndani ya pochi.

Jumamosi alasiri ukumbi ulijaa. Ulikuwa ukumbi wa mawe unaohifadhi baridi kama friji, na upande wa jikoni harufu ya bata mzinga ilikuwa imeanza kutoka. Madirishani walikuwa wamebandika pamba iwe theluji. Yeye alifika akiwa amekwisha kuvaa, na juu yake amejifunga shali kubwa la sufi kama blanketi, mpaka miguuni. Nilimkagua kwa macho. Shali halikuonyesha kitu.

"Limekaa?" nikamwuliza.

"Limekaa, yaya."

Tukaimba nyimbo tatu za kwanza. Mimi mstari wa mbele wa sauti ya kwanza, katikati, pale pa nguzo. Yeye hatua moja mbele yangu, pembeni kidogo. Ukafika wimbo wa mama na mtoto. Okestra ikaanza taratibu. Akafungua shali, akageuka, akanipa mimi nimshikie. Kisha akasogea mbele, akanipa mgongo.

Mungu wangu.

Pande zote mbili za mbavu, kutoka kwapani hadi kiunoni, mshono wangu ulikuwa umefumuliwa, na ndani yake kumetiwa kipande cha mahameli, upana wa vidole viwili hivi. Mahameli ileile. Nikateremka kwa macho nikaona ilikotoka: alikuwa amekata pindo. Gauni nililompima liguse sakafu lilikuwa limepanda juu ya vifundo, na viatu vyake vya kila siku vinaonekana. Na uzi! Ule haukuwa uzi wa nguo. Ulikuwa uzi mweusi mnene wa nywele, na mshono wenyewe ni ule wa kujifunga kila hatua, ule ambao wasusi hushona kwa sindano iliyopinda, wanaposhikiza nywele za bandia kwenye mistari ya kichwani. Nilimwona akiushona mara elfu siku zile za Jumatatu. Alikuwa ameshona gauni langu kwa mkono wake, kwa kazi anayoijua yeye. Ulikuwa mshono mbaya. Ulikuwa mshono usiofumuka hata uvutwe na ng'ombe.

Akavuta pumzi. Niliona vile vipande viwili vikifunguka, kulia na kushoto, mpaka mwisho.

Sentensi ile sitaielezea. Mnaweza kunilaumu kwa mengine, ila hilo niacheni nalo. Nitasema tu kwamba aliipunguza tena pale juu, ikawa ndogo kuliko ilivyokuwa saluni, na mzee mmoja wa safu ya mbele aliyekuwa anakohoa tangu mwanzo akaacha kukohoa.

Na alipomaliza, ilikuwa zamu yetu kuingia. Sauti ya kwanza, sote pamoja, baada ya mapigo mawili ya violini. Mwalimu akanyoosha mkono kwetu. Mimi nilikuwa natazama uzi mweusi. Sikuingia. Na kwa kuwa mimi sikuingia, hakuna aliyeingia; mstari mzima ulikuwa unanisubiri, midomo wazi, kama alivyosema mwenyewe mwalimu. Violini zikaendelea zenyewe. Kimya kile nilichokitaka kilikuja, na kilikuwa changu. Mwalimu aligeuza shingo akanitafuta mimi kwa macho.

Ndipo yeye, bila kugeuka, akaichukua sauti yetu. Aliimba mstari wetu pale mbele peke yake, utadhani ndivyo ulivyoandikwa, kwa do-re-mi nilizombandikia kwenye kioo. Maneno manne, matano. Nikamdandia kwa nyuma, wenzangu wakanidandia mimi, tukaenda. Wasikilizaji hawakujua kitu. Walipiga makofi wamesimama, na wakamgeukia yeye.

Nilimkuta nje baadaye, kwenye maegesho, amekaa juani juu ya ukuta mfupi. Nilikuwa bado nimeshika shali. Nikamfunika nalo mabegani.

"Mbavuni nani kashona?" nikauliza, kana kwamba sijui.

"Mimi. Alhamisi jioni. Nilijaribu kuimba nalo nyumbani nikashindwa."

"Kwa nini hukuniletea? Mimi ndiye fundi."

Akalivuta shali likamkaa sawa mabegani.

"Au kwa fundi mwingine? Wamejaa pale mtaani kwako. Umeendaje mbele za watu na mshono wa nywele?"

"Fundi mwingine angeniuliza nani amekata akiba yote," akasema. "Ningemjibu nini?"

Nikainama, nikajifanya nakagua pindo lililokatwa.

"Ulipokuwa unanipima, yaya," akasema, na sasa alinitazama, "nilingoja uniambie nivute. Mikono ilikuwa juu, nikangoja. Kila mtu unamwambia. Hukusema."

Nilitaka anitukane. Nilitaka anivue nguo pale pale, apige kelele mpaka mwalimu na wale wazee wa besi watoke na sahani zao waone. Ningejua la kufanya, kugombana najua. Lakini yeye alishuka ukutani, akajipangusa vumbi kwenye ile mahameli, akasema, "Twende tule, nyama itatuishia," akaingia ndani. Nami nikasimama pale na baridi yangu, na nawaambia ukweli, nilimwonea wivu hata kwa hilo. Sauti amenizidi, sawa. Sasa na moyo pia? Angeniachia hata kimoja.

Hakumwambia mtu. Nilingoja wiki, nikangoja mwezi, hakuna aliyeniangalia vibaya. Wanaume wa sauti ya tatu waliendelea kunipigia kelele mlangoni, "Vuta!", na mimi nilikuwa napita haraka nikijifanya natafuta kitu kwenye pochi. Mara moja nilimwomba anirudishie gauni nilirekebishe kwa mahameli iliyobaki, niweke pindo lirudi chini. Akasema hapana, limeshazoea. Jumatatu niliendelea kwenda saluni, lakini makaratasi sikubeba tena, alikuwa hayahitaji. Tulikunywa chai. Tuliongea habari za bei ya nywele.

Mwaka 2019, baridi iliporudi, mwalimu alimpa tena sehemu ya peke yake. Mimi nikabaki nyuma, na safari hii sikunawa uso. Kitambaa kilikuwa cha rangi ya zambarau. Nilidhani atakipeleka kwingine, na nilikuwa nimejiandaa kujifanya sijaumia. Siku moja mchana akabisha hodi, kitambaa kwapani.

Hakusimulia kisa chochote cha wateja. Alivua sweta, akasimama katikati ya chumba, akainua mikono. Nikampima mabega, nikapima mikono, nikamzungushia futi mbavuni.

"Vuta," nikasema.

Akavuta.

"Zaidi."

Akavuta zaidi, mpaka vidole vyangu vikasogea, kama siku ile ya kwanza. Nikaisoma namba kwa sauti ili asikie. Hakuiachia pumzi. Aliishikilia, macho yake machoni pangu, uso umeanza kumjaa damu, na aliendelea kuishikilia mpaka alipoona kalamu imeiandika.